Nani Aweza Kukukataza Kulima Shamba Lako?

Wakulima wa skimu za Kitui Kusini, na wenzao wa ng'ambo ya mto Athi pande za Kibwezi na Ngai Ndethya, siku hizi wakabiliwa na jambo ambalo wazee wao hawakulijua. Tangu barabara ya kutoka Kibwezi kupita Ikutha na Mutomo hadi Kitui ilipotiwa lami, ardhi ya ndengu, mtama na mbuzi yatazamwa na watu wa mijini kwa macho mengine. Wao wataka mahali pa kujenga nyumba. Mtu hununua ekari 10 au 20, akazikata viwanja vya robo ekari, akazungusha ua, akaweka lango na mlinzi. Kisha wenye viwanja hufanya chama chao, na chama hutunga kanuni: hapana kupanda mahindi, hapana mbuzi wala ng'ombe, hapana mizinga ya nyuki. Mambo hayo yamekwisha kuzoeleka Kitengela, Athi River na Joska, na hapana sababu ya kudhani kwamba hayatafika Mutomo.

Kanuni hizo zikiwahusu wenye viwanja peke yao, shauri ni lao. Lakini mara nyingi haziishii kwenye ua. Jirani mwenye shamba naye huambiwa kwamba zizi lake lanuka, kwamba majogoo yake yapiga kelele alfajiri, kwamba mahali hapa sasa ni pa makazi na yeye aache kulima. Wengine huletewa karatasi watie sahihi. Basi swali ni hili: shamba limepimwa na kutolewa kwa ajili ya kilimo. Je, chama cha wenye nyumba chaweza kumzuia mwenyewe asilime?

Jibu lategemea jambo moja: katazo hilo limeandikwa wapi, na nani aliyelitia sahihi.

Tuanze na lililo rahisi. Chama cha wakaazi ni watu waliokubaliana. Kanuni zake huwafunga waliojiunga, kama vile kanuni za chama cha ushirika zinavyowafunga wanachama wake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 36, yasema kwamba mtu hatalazimishwa kujiunga na chama cha namna yoyote. Kwa hiyo mkulima ambaye shamba lake liko nje ya ua, ambaye hakujiunga na wala hakutia sahihi, hafungwi na kanuni ya chama hata ikipigwa mhuri mwekundu. Chama hakina mamlaka ya kumtoza faini, wala ya kumkamatia mbuzi kwa kuwa tu yeye awafuga katika shamba lake mwenyewe.

Lakini hii si ruhusa ya kumsumbua jirani. Moshi wa tanuri la mkaa ukiingia nyumbani mwa watu kila siku, au dawa ya kunyunyiza mimea ikipeperushwa na upepo hadi kwenye tangi lao la maji, wao waweza kwenda mahakamani, na mahakama yaweza kukuamuru uache. Hapo hukatazwi kulima. Wakatazwa kumdhuru mwenzako, na katazo hilo lilikuwako hata kabla ya hao kujenga nyumba.

Sasa tuje kwenye lililo gumu, ambalo ndilo sababu ya kuandika makala haya. Liko katazo ambalo halimfungi mtu tu. Laifunga ardhi yenyewe. Ukifa, mwanao arithi shamba na katazo lake. Ukiuza, mnunuzi anunua vyote viwili.

Desturi hii ilitoka Uingereza. Mwaka 1808 bwana mmoja aitwaye Tulk aliuza bustani iliyokuwa katikati ya Leicester Square, mjini London, ambapo yeye alibaki na nyumba kando yake. Mnunuzi aliahidi katika mkataba kwamba yeye na watakaokuja baada yake wataiacha iwe bustani, wala hawatajenga juu yake. Bustani ikauzwa na kuuzwa tena mpaka ikamfikia mtu aitwaye Moxhay, aliyetaka kujenga. Yeye hakuwa ametoa ahadi yoyote kwa Tulk, lakini alipokuwa akinunua alijua kwamba ahadi ipo. Mwaka 1848 mahakama ikaamua kwamba hawezi kujenga. Tangu hapo mawakili wa nchi zote zilizopokea sheria ya Kiingereza, Kenya ikiwamo, wamejua kwamba ahadi ya kutofanya jambo fulani juu ya ardhi, iliyotolewa kwa faida ya ardhi ya jirani, yaweza kumfunga mtu ambaye hakuitoa.

Leicester Square ahadi ilikuwa kutojenga, ili bustani ibaki. Kwa mkulima wa leo ahadi inayotakwa ni kinyume chake, yaani kutolima, ili nyumba zipendeze. Kamba ni ile ile.

Hapa kwetu kamba hiyo yaonekana katika daftari la ardhi. Kila shamba lililosajiliwa lina ukurasa wake katika ofisi ya ardhi, ule ambao watu wengi huuita kadi ya kijani. Ukurasa huo una sehemu 3. Sehemu ya kwanza yaeleza shamba lenyewe: nambari, ukubwa, na ramani linamoonekana. Ya pili yataja mwenye shamba. Ya tatu ni ya mizigo: rehani ya benki, deni la Hazina ya Makazi, mkataba wa kukodisha, njia ya jirani ya kupitia, na mapatano ya kuzuia matumizi ya ardhi. Wakulima wengi husoma sehemu ya pili tu, wakaona jina lao, wakafurahi. Lakini sehemu ya tatu ndiyo inayoeleza unachoweza kufanya na hilo shamba.

Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963, ambayo mashamba mengi ya skimu yalisajiliwa chini yake, ilisema wazi kwamba mapatano ya namna hiyo hayawafungi wenye ardhi ila yawe yameandikwa katika daftari. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2012 na mahali pake pakachukuliwa na Sheria ya Usajili wa Ardhi. Hata katika hii mpya, kifungu cha 25 chaeleza kwamba mwenye shamba ana haki zake zote, ila zipunguzwe na mizigo iliyoonyeshwa katika daftari, pamoja na zile haki chache ambazo sheria yazitambua hata zisipoandikwa. Kwa hiyo mtu akija kukuambia kwamba shamba lako lina katazo, usibishane naye njiani. Nenda ofisi ya ardhi, lipa ada, omba upekuzi rasmi wa nambari yako, usome sehemu ya mizigo. Kama hamna kitu, mwambie akuonyeshe sahihi yako mwenyewe.

Na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa sahihi hiyo mara nyingi hupatikana siku ya kuuza.

Tuseme mkulima ana ekari 12. Ana watoto shuleni, mvua za vuli zimekosa, naye aamua kuuza ekari 4 zilizo karibu na barabara. Dalali amletea mkataba wa kurasa 7 kwa Kiingereza. Yeye auliza bei, aambiwa bei. Auliza malipo ni lini, aambiwa nusu leo na nusu hati ikitoka. Hakuna anayemsomea ukurasa wa 5, ambapo imeandikwa kwamba muuzaji akubali, kwa niaba yake na ya warithi wake, kutofuga mnyama yeyote wala kupanda mazao marefu katika ardhi iliyobaki inayopakana na viwanja. Yeye adhani ameuza ekari 4. Kwa kweli ameuza ekari 4, na pamoja nazo ameuza ukulima wa ekari 8, kwa bei ya zile 4. Mkataba huo ukipelekwa kwenye ofisi ya ardhi ukaandikwa katika sehemu ya tatu ya daftari, wajukuu wake wataukuta.

Tena kuna jambo ambalo hata mawakili wengine hawalikumbuki. Sheria ya Kudhibiti Ardhi, iliyoanza kutumika tarehe 12 Desemba 1967, ndiyo ngao ya mkulima mdogo: kuuza, kukodisha, kugawa au kuweka rehani shamba la kilimo ni bure kama Bodi ya Ardhi haikutoa kibali, na maombi sharti yapelekwe katika muda wa miezi 6 tangu mapatano. Kazi ya Bodi ni kuangalia, pamoja na mengine, kama familia itabaki na mahali pa kulima. Lakini sheria hiyo hiyo, inapoeleza ardhi ya kilimo ni ipi, huiacha nje ardhi ambayo hati yake ina sharti kwamba isitumiwe kwa kilimo. Maana yake ni kwamba mkulima akitia sharti hilo katika hati yake kwa mkono wake mwenyewe, huenda amejivua ngao pia. Safari nyingine dalali akija, hakuna tena Bodi ya kuuliza mke na watoto watakula nini.

Hatusemi kwamba kila mapatano ya kuacha kulima ni ya hila. Yako yaliyofanywa kwa uwazi na kwa malipo. Upande wa Kitengela, kusini mwa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, ulianzishwa mwaka 2000 mpango wa kuwalipa wenye ardhi ili wanyama wapate njia ya kupita. Wenye ardhi walikubali kutotia ua, kutolima na kutokata ardhi yao vipande, nao wakalipwa dola 4 za Marekani kwa kila ekari kwa mwaka. Mwenye ekari 100 alipata dola 400, na ng'ombe wake waliendelea kulisha pale pale. Malipo yalipangwa kutolewa mara 3 kwa mwaka, wakati wa kutafuta karo. Huko Mara nako wenye ardhi wamekodisha mashamba yao kwa hifadhi za wanyama kwa masharti ya namna hiyo, kama vile Olare Orok tangu mwaka 2006.

Wakulima wa Mutha na Kanziko, walio karibu na Hifadhi ya Kitui Kusini na Tsavo Mashariki, ambao tembo huwavunjia maghala, waweza siku moja kuletewa mpango kama huo. Wausikilize. Lakini wakumbuke tofauti. Mmaasai wa Kitengela aliacha kulima ambako hakuwa akilima sana. Mali yake ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe waliruhusiwa. Mkamba wa skimu aliyechimba matuta ya fanya juu kwa jembe, akapanda ndengu na mbaazi, aacha chakula chake chenyewe. Kwa hiyo bei haiwezi kuwa ile ile. Tena mpango wa Kitengela ulitegemea fedha za wahisani, na mhisani huchoka. Mkataba mzuri husema ni wa miaka mingapi, na husema kwamba malipo yakikoma katazo nalo lakoma. Mkataba ambao malipo yake ni ya mwaka mmoja na katazo lake ni la milele si wa kutiwa sahihi.

Makatazo ya Serikali ni namna nyingine, nayo hayahitaji sahihi yako. Katiba, kifungu cha 66, yaipa Serikali uwezo wa kusimamia matumizi ya ardhi yoyote kwa ajili ya usalama, afya ya watu, na mipango ya matumizi ya ardhi. Watu wa Makueni wamekwisha kuliona jambo hili huko Konza. Mwaka 2009 Serikali ilinunua ekari 5,000 za Malili Ranch kwa ajili ya mji mpya, kisha ukawekwa ukanda wa kilomita 10 kuuzunguka, ambamo kugawa mashamba na kujenga kulitiwa vizuizi. Wenye mashamba humo hawakujiunga na chama chochote, lakini vizuizi viliwahusu. Hali kadhalika shamba lililomezwa na mpaka wa mji laweza kukuta kanuni za kaunti juu ya mifugo. Ukisikia katazo la namna hii, uliza ni sheria gani au mpango gani, na mahali pa kuuona. Afisa wa mipango wa kaunti hawezi kukuficha, kwa sababu ni lazima mpango utangazwe na watu wapewe nafasi ya kutoa maoni. Mwenye nyumba jirani hawezi kutumia mamlaka hayo kwa niaba ya kaunti. Yeye aweza tu kupeleka malalamiko yake kama wewe.

Wazee wa Ukambani wajua vizuri uzito wa masharti yanayotoka juu. Mwaka 1938 Serikali ya kikoloni ilipowapunguzia ng'ombe kwa nguvu, Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu ya watu kwenda Nairobi kumwona Gavana. Baada ya vita vya pili, skimu ya Makueni ilipofunguliwa katika msitu uliofyekwa ili kuondoa mbung'o, waliopewa mashamba waliwekewa masharti makali juu ya kulima na kufuga, na wengi wakaogopa kwenda, wakidhani kwamba ardhi yenye masharti mengi namna hiyo si yao. Lakini matuta waliyoamriwa kuchimba wakati ule, wengi wao waliendelea kuyachimba kwa hiari baadaye walipoona faida yake. Sharti la kutunza udongo na sharti la kuacha kulima si ndugu.

Ninyi wa skimu mna mzigo mmoja zaidi. Shamba lililotolewa na Hazina ya Makazi hubaki na deni mpaka lilipwe, na deni hilo huandikwa katika ile sehemu ya tatu. Tena Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, katika kifungu cha 134, ilipotungwa iliandika kwamba ardhi ya skimu haihamishwi ila kwa urithi. Dalali anayekuambia kwamba hilo ni jambo dogo, mwambie aje mseme naye mbele ya afisa wa makazi. Kama shamba haliwezi kuhamishwa, mkataba wa kuuza ekari 4 zake hauna miguu, na fedha ulizokwisha kula zaweza kudaiwa.

Kuna pia upande wa pili wa ua. Watoto wetu walio Nairobi na Machakos hununua viwanja katika makazi ya namna hii, kisha mama akaja kuwatembelea na mbegu za kunde katika kitambaa. Huko si nyumbani. Mara nyingi mnunuzi wa kiwanja hapewi hati ya milele. Hupewa mkataba wa kukodi wa miaka 99 kutoka kwa kampuni ya makazi hayo, pamoja na hisa moja katika kampuni. Kanuni zimo ndani ya mkataba. Akizivunja, amevunja mkataba wake wa kukodi, na hilo laweza kumfikisha pabaya. Kwa nyumba za ghorofa iko Sheria ya mwaka 2020 inayowapa wenye nyumba shirika lao lenye kanuni zinazomfunga kila mmoja wao. Kijana asome kanuni kabla ya kulipa. Kama ataka kuku na mchicha, anunue mahali pengine.

Aliyeletewa karatasi afanye hivi. Asitie sahihi siku hiyo, wala dole gumba, hata kama gari la mnunuzi lamsubiri. Asomewe karatasi yote kwa Kikamba na mtu asiye upande wa mnunuzi, kisha ajibiwe maswali 3: je, karatasi hii yagusa ardhi ninayobaki nayo? Itaandikwa katika daftari? Itakwisha lini? Wakili wake awe wake, si wa mnunuzi. Na mwenzi wake akubali kwa maandishi, kwa kuwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yakataza mali ya ndoa kuuzwa, kukodishwa au kuwekwa rehani bila ya kibali cha mume na mke wote wawili. Wanawake wengi wamezuia hasara kwa kusema tu, "Mimi sikutia sahihi."

Aliyekwisha kutia sahihi naye asikate tamaa upesi. Apeleke mkataba kwa wakili, aangalie kama Bodi ilitoa kibali pale kilipotakiwa, kama mwenzi wake aliridhia, na kama katazo limeandikwa katika daftari au limebaki katika kabati la dalali. Yakosekanapo hayo, mkataba waweza kuanguka, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi ndiyo yenye kusikiliza mashauri hayo. Mlango wa mahakama hiyo wagharimu fedha na siku nyingi. Kabla ya kufika huko, yafaa mkulima na viongozi wa chama cha wakaazi waketi mbele ya chifu au wazee: zizi laweza kusogezwa hatua 50 na safu ya miti ikapandwa, na pande zote mbili zikaendelea na maisha. Wakipatana hivyo, waandike kwamba ni mapatano ya majirani wawili, wala si sharti juu ya shamba, na yasipelekwe kwenye ofisi ya ardhi.